Kupanda Longido na kushuka siku hiyohiyo: mwongozo kamili kwa klabu za haiking Arusha na Moshi

Kama klabu yenu ipo Arusha au Moshi na mnatafuta kilele cha kwenda na kurudi siku moja, mi ntawaambia Longido kabla ya mlima mwingine wowote. Kilimanjaro kwa siku moja unaishia kambi ya Mandara, mita 2,720, unakunywa chai unageuka, kilele hujakiona. Meru ni siku tatu au nne na lazima muende na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Longido ina mita 2,637, iko kama kilomita 80 kutoka Arusha barabara ya Namanga, lami mwanzo mwisho, mnafika juu kabisa pale pa mwisho na usiku kila mtu analala kwake.

Ila hiyo "siku moja" isiwadanganye. Kwa group la watu wa kawaida, watu wa ofisini, mama mwenye duka, vijana wa chuo, ni masaa nane mpaka kumi kwa miguu, na mnapanda zaidi ya mita elfu moja kwenda juu. Kitu kinachoharibu safari nyingi za namna hii ni saa, miguu inafuata baadaye. Watu wanachelewa kutoka mjini, wanachelewa kuanza, wanafika juu saa tisa alasiri, halafu wanashuka msituni gizani na tochi ya simu yenye chaji asilimia kumi na mbili. Kwa hiyo karibu kila kitu ntakachoandika hapa chini kina lengo moja, mtu wa mwisho kwenye mstari awe ameshafika chini kabla jua halijazama.

HATUA YA 1: Tarehe na watu

Juni mpaka Oktoba ndo kipindi kizuri, kukavu, ardhi haitelezi. Juni na Julai kuna baridi na ukungu asubuhi ila mtatembea vizuri sana. Januari na Februari pia panafaa, jua linakuwa kali tu. Masika, Machi mpaka Mei, mi siwashauri kabisa kupeleka watu wapya, ule udongo wa msituni ukilowa unakuwa utelezi mtupu na mawe ya juu yanakuwa na utando unaoteleza.

Idadi, msizidi kumi na tano kama ndo mara yenu ya kwanza. Najua watu wakiona picha kwenye group kila mtu anataka kuja na shemeji yake, lakini group la watu thelathini linatembea kwa mwendo wa mtu mmoja, yule mzito kuliko wote, na kila mkisimama mnasimama robo saa badala ya dakika tano. Wakiwa wengi gawaneni makundi mawili, kila moja na mwongozaji wake na kiongozi wake.

Kabla hamjapokea mchango wa mtu muulizeni mambo ya afya, mmojammoja na kwa siri sio kwenye group. Presha, sukari, pumu, ujauzito, goti lililowahi kuumia, dawa anazotumia. Mwenye pumu inhela yake ikae mfuko wa suruali au wa koti, sio chini ya begi. Mwenye sukari aongee na daktari wake kwanza kuhusu dawa na kula siku hiyo, maana atatumia nguvu nyingi kuliko siku zake za kawaida na sukari inaweza kushuka ghafla.

HATUA YA 2: Mwongozaji wa palepale

Hii haina mjadala. Longido kuna msitu na msituni kuna mbogo, na njia za ng'ombe na mbuzi zimekatana kila upande mpaka mgeni anachanganyikiwa, kila njia inaonekana ndo yenyewe. Kijana wa Kimaasai aliyekulia pale anajua mbogo wamelala wapi wiki hii, anasoma kinyesi na nyayo anakuambia tupite huku. Longido ni moja ya sehemu za mwanzo nchini kuanzisha utalii wa kitamaduni, kwa hiyo utaratibu upo, mnaongea na ofisi yao siku kadhaa kabla, mnalipa ada ya kijiji na ya mwongozaji, mnachukua risiti. Ombeni waongozaji wawili hata kama mpo kumi tu. Mmoja mbele mmoja nyuma, na siku mtu mmoja akishindwa njiani yule wa pili anarudi naye na wengine wanaendelea. Mkiwa na mmoja tu, mtu akishindwa mnageuka wote.

Mkifika salimieni watu. Ukikutana na mzee shikamoo, na salamu ya Kimaasai, "sopa" ukiitikiwa "epa", inafungua nyuso za watu mapema sana. Na usimpige mtu picha bila kumuomba, yule mama anayechunga mbuzi zake hajaja pale kwa ajili ya status yako.

HATUA YA 3: Mwezi mmoja wa mazoezi

Huhitaji jimu. Unahitaji vilima na muda. Wa Arusha wana kilima cha Suye, pandeni mshuke mara mbili au tatu Jumamosi asubuhi mkiwa na begi lenye maji. Wa Moshi nyie mmebarikiwa, ukitoka mjini ukaelekea Uru au Kibosho kwa miguu ni mlima mwanzo mwisho. Wiki ya kwanza masaa mawili, ongeza mpaka wiki ya tatu ufikishe masaa matano kwa mkupuo mmoja, wiki ya nne punguza upumzike. Zoezi la kushuka ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani, mapaja na magoti yanaumia zaidi kushuka kuliko kupanda, na mtu ambaye hajazoea utamuona saa tisa mchana anashuka kinyumenyume.

Viatu vivaliwe kwenye mazoezi hayohayo. Kiatu kipya kileleni ni adhabu. Kama bajeti ndogo nendeni mitumba ya Memorial pale Moshi, vipo vya mlimani vizuri tu, ila angalia soli, ikunje kwa mikono miwili, kama gundi imeachia au mpira umekauka una nyufa kiache hata kama juu kinang'aa. Chukua kinachozidi mguu kidogo: ukivaa na soksi nzito halafu ukapiga kisigino nyuma, mbele ya vidole ibaki nafasi ya kidole kimoja.

HATUA YA 4: Begi

Begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni. Ndani, koti la mvua hata kama ni Agosti, sweta au fulana nzito, fulana moja kavu ya kubadilisha, kofia pana, mafuta ya jua, tochi ya kichwa na betri mpya, filimbi, plasta, bandeji, panadol, tishu, kiroba cha taka. Akina dada bebeni pedi hata kama tarehe bado. Suruali ndefu na soksi ndefu, kule chini ni migunga na miiba yake haichagui mtu. Jinzi hapana, ikilowa inakuwa nzito na haikauki.

Kuhusu hiyo fulana kavu niongee kidogo maana watu wengi wanaidharau. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, kwa hiyo chini pale Longido mjini mtaacha jua linachoma, juu kuna upepo na wingu, na mgongo wako umelowa jasho tangu saa mbili asubuhi. Ukikaa dakika ishirini kileleni na ile fulana iliyolowa utatetemeka hasa. Badilisha kwanza, picha baadaye.

Mtu wa Dar aliyefika Ijumaa usiku muangalieni zaidi. Nyie mnaishi Arusha kwenye mita 1,400 hivi, yeye katoka usawa wa bahari, na kuanzia mita 2,500 kuna watu wanaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu. Dawa yake ni kushuka. Usimeze panadol ukaendelea kupanda.

HATUA YA 5: Maji, halafu chakula

Maji lita tatu kwa kila mtu, lita nne kama unatoka sana jasho au ni Januari au Februari. Njiani usitegemee kupata maji. Mlima huu una historia yake kwenye hilo: Novemba 3, 1914, vita kuu ya kwanza, jeshi la Waingereza wakiwa na askari wao wa Kihindi walivuka kutoka upande wa Kenya wakapanda Longido usiku kuwashambulia Wajerumani, kulipokucha wakajikuta wanapigwa pande mbili, nyumbu wa mizigo (wale wa punda na farasi, sio wa porini) waliobeba maji yao wakashtuka wakatawanyika, na jioni wale askari wakarudi walikotoka bila kuuchukua mlima. Jeshi zima. Kwa hiyo kiongozi wa safari hapohapo stendi kabla gari halijaondoka aangalie chupa za kila mtu kwa macho yake. Atakayekuja na chupa ya nusu lita anateremka kwenda dukani kuongeza, gari linamsubiri dakika tano, hakuna kuoneana aibu.

Kunywa kidogokidogo kila robo saa. Usisubiri mpaka kiu ikubane. Chupa moja iwe na maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vya usawa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, tikisa. Hiyo unywe kuanzia nusu ya safari ambapo misuli inaanza kukaza.

Chakula beba unachokijua. Chapati mbili tatu, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu, karanga, vyote vinapatikana soko la Kilombero pale Arusha jioni ya kabla. Biskuti tupu zinakausha mdomo. Nyama choma iacheni ya kurudi.

HATUA YA 6: Alfajiri

Saa kumi na nusu watu wakutane, saa kumi na moja kamili gari linaondoka. Semeni hivyo na mfanye hivyo. Mkimsubiri mtu mmoja nusu saa mmeikata hiyo nusu saa kutoka kwenye mwanga wa jioni wa watu kumi na tano. Coaster inatosha group la kwanza, dereva alale mapema na msimpakie muziki wa kumchanganya. Mnapita Sakina, Ngaramtoni, Oldonyosambu, huku Meru iko kulia kwenu, halafu nchi inafunguka inakuwa kavu na tambarare, muda mfupi mnaanza kuuona Longido mbele. Saa kumi na mbili na nusu mmefika. Chai, choo, mwongozaji anajitambulisha, saa moja kamili mguu wa kwanza.

Kabla ya mguu wa kwanza: kila mtu apewe namba. Moja mpaka kumi na tano. Kila mkisimama watu wanataja namba zao kwa kufuatana, sekunde kumi mmemaliza, na kama namba tisa haijasikika mnajua hapohapo. Ni bora mara mia kuliko kiongozi kuhesabu vichwa kwa kidole huku watu wanazunguka.

HATUA YA 7: Kupanda

Mwongozaji mbele, nyuma yake mtu mzito kuliko wote, yeye ndo anaweka mwendo. Vijana wenye pumzi wakae nyuma. Wa mwisho kabisa awe mtu mzoefu mwenye boksi la huduma ya kwanza, na hakuna mtu anayebaki nyuma yake hata kwa dakika moja. Mtu akienda chooni anaacha begi lake juu ya njia, upande alioingilia. Yule wa mwisho akiliona anasubiri palepale. Choo ni mbali na njia na mbali na maji, chimba shimo la kina cha kiganja, fukia, tishu rudi nayo kwenye kiroba.

Saa ya kwanza tembeeni taratibu mpaka mjione mnachelewa. Kipimo ni maongezi: kama unaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi huo ndo mwendo wako. Na hapo kiongozi awe na masikio. Mtu aliyechoka anakwambia tu yuko poa. Utamuuliza, "Dada Neema, vipi huko?" anajibu "poa kaka," dakika kumi baadaye unamuuliza jana alikula nini anajibu "wali," neno moja, hamalizii, macho yako chini kwenye viatu vya aliye mbele yake. Huyo sio poa. Simamisheni, akae, ale kitu, anywe, mpunguzieni begi. "Dada, nipe hiyo chupa kubwa nikubebee mpaka pale kwenye kivuli," inatosha, hakuna haja ya kumtangaza.

Sehemu ya kwanza ni vichaka na migunga, jua likipanda panachoma, ndo maana mnaanza saa moja. Halafu mnaingia msituni, ghafla kivuli, miti imeota kuvu na ndevu za majani, baridi inakuja. Hapa ndo kwa mbogo. Spika za muziki zimezimwa, mwongozaji anahitaji kusikia. Ongeeni kawaida tu, msitembee kimyakimya mkamshtua mnyama kwenye kona. Akinyoosha mkono simameni wote. Akisema rudini, mnarudi polepole bila kukimbia, na jueni mti upi uko karibu. Wakati mwingine mtakaa dakika kumi na tano mnasubiri kundi lipite, subirini.

Kila saa moja pumziko la dakika tano mpaka kumi. Mtu yeyote anayehisi sehemu ya mguu inaanza kuwaka moto aseme palepale, avue kiatu, akaushe, abandike plasta. Ukisubiri lengelenge litokee umeshachelewa, na huyo mtu ana masaa mengine sita ya kutembea.

HATUA YA 8: Saa ya kugeuka

Saa saba kamili mchana, popote mlipo, mnageuka. Hata kama kilele mnakiona. Huku kwetu jua linazama mwaka mzima kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, na kushuka kwa group ni masaa matatu mpaka manne. Mkigeuka saa saba mko chini saa kumi na moja, mnabaki na saa moja na ziada ya mtu kuteguka kifundo.

Mnataka kujua mapema kama mtawahi? Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine nzima kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mwenye nguvu asiyesimama. Kwa klabu mi naongeza nusu yake. Ukiona saa nne na nusu bado hamjafika katikati ya msitu, kiongozi aseme wazi pale kwamba leo kilele kina mashaka, watu wajiandae moyoni mapema, maana kumgeuza mtu aliyebakiza dakika arobaini bila kumwandaa ndo chanzo cha ugomvi wa klabu nyingi. Na maamuzi yawe ya mtu mmoja aliyechaguliwa kabla ya safari. Mlimani hatupigi kura.

HATUA YA 9: Jiwe la mwisho

Kipande cha mwisho ni mwinuko wa mawe, mikono inafanya kazi. Fimbo zifungwe kwenye begi. Anayepanda anageuza uso kwenye jiwe, anakuwa na sehemu tatu zimeshika muda wote, miguu miwili na mkono mmoja au mikono miwili na mguu mmoja, na haweki uzito kwenye jiwe ambalo hajalitikisa kwanza. Mmojammoja, wa chini hasimami chini ya wa juu, jiwe likiachia piga kelele "jiweee!" Anayeogopa kimo asilazimishwe, hapo chini kidogo panaonekana vizuri na mtu mmoja anabaki naye. Ngurumo zikisikika, hata za mbali, hakuna kupanda hilo jiwe.

Siku ya wazi juu pale mtaona Kilimanjaro upande wa mashariki, Meru kusini, magharibi kule Kitumbeine na Gelai na nyuma yake Ol Doinyo Lengai, kaskazini ni Kenya na mlima wa Namanga. Nusu saa inatosha. Kuleni, badilisheni fulana, picha ya group moja nzuri, namba zitajwe, mshuke.

HATUA YA 10: Kushuka

Kabla ya kushuka kila mtu afungue kamba za viatu azifunge upya. Piga kisigino nyuma kwanza, kaza hapo juu kwenye kifundo, ili mguu usitelezee mbele vidole vikagonga. Kucha zilitakiwa zikatwe juzi yake. Hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, fimbo mbele. Ajali nyingi ni hapa, watu wamechoka, wameshapata picha zao, akili iko kwenye soda ya baridi. Ule mpangilio wa kupanda ubaki vilevile, hakuna vijana kukimbilia mbele.

Mtu akiumia: kaeni, mpeni joto, mwongozaji apige simu chini, mitandao inashika sehemu za wazi zaidi kuliko msituni kwa hiyo mtu mmoja na mwongozaji mmoja wapande mahali pa wazi. Namba ya dharura ni 112. Kifundo kilichoteguka msivue kiatu kama bado mnatembea, kikivimba hakirudi, zungushieni bandeji juu ya kiatu na apewe fimbo mbili. Ishara ya filimbi ni mipulizo sita, dakika moja kimya, sita tena.

Taka zote zinarudi Arusha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 lakini vifungashio vya biskuti na vifuniko vya chupa bado vinaachwa, na pale ni malisho, ng'ombe wa mtu anakula. Yule wa mwisho kwenye mstari ndo anaokota.

Mkifika garini kila mtu ajikague kupe, nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, mmepita njia za mifugo siku nzima. Namba zitajwe mara ya mwisho kabla dereva hajawasha. Waongozaji walipwe chao mkononi mbele ya wawili, na asante ya klabu iwe juu ya ada sio ndani yake. Kesho yake tembea nusu saa hata kama mapaja yanauma, ukilala tu Jumatatu ngazi za ofisini utazishuka kwa mikono. Mweka hazina apige picha risiti zote aweke kwenye group Jumatatu jioni, na aliyeondoka na tochi ya mwenzake airudishe.